Salamu ya Dirishani

Kijitabu nilichopewa langoni kinasema chuo kikuu hiki kilizaliwa kutokana na maono ya waasisi wake. Nilikisoma kwenye foleni, nikiwa nimemsindikiza binti ya kaka yangu kujiandikisha, nikacheka peke yangu. Mwenzangu, maono siyakumbuki. Ninachokumbuka ni ukumbi wa kanisa wenye paa la mabati, mvua ya kwetu Gesima ikipiga kila alasiri mpaka mhadhiri akaketi kuisubiri, na harufu ya majani chai mabichi kutoka kituo cha kupimia, chini ya barabara.

Kilianza na darasa moja la walimu. Baadaye yakaja masomo ya biashara, pamoja na taipureta zilizotutoa usingizini kwa kelele. Walipotaka kujenga madarasa ya kweli, mkuu wa chuo alikuja kwa nyanya yangu, maana shamba lililopakana na kanisa lilikuwa lake. Alipewa uji wa wimbi kwanza, jibu likafuata.

"Jengeni," nyanya alimwambia, "lakini njia yangu ya kwenda chemchemini msiifunge."

Mkuu akampa mkono. Kijiji kizima kikatoka kuchimba msingi. Akina mama walileta viazi vitamu na chinsaga, ile mboga chungu, iliyolazwa kwenye maziwa usiku kucha ipungue ukali. Hakuna aliyeona haja ya kuandikiana chochote.

Basi njia ikapita chini ya madirisha ya darasa. Kila asubuhi tulipita hapo, nyanya mbele na mtungi wake, mimi nyuma na jerikeni. Nyanya hakuwa mtu wa kuwapita watu kama mbuzi. Alisimama dirishani akaita, "Bwakire!" yaani kumekucha, na darasa lote likalazimika kuitikia, "Bwakire, baba!" Kwetu Wakisii baba ni mama, jambo lililomchanganya sana mhadhiri wa Kiswahili, mgeni kutoka upande wa ziwa. Mwanzoni alinuna. Kufikia muhula wa pili alikuwa akiitikia kwa sauti kuliko wanafunzi wake.

Kisha ikasemekana wakaguzi wanakuja kutoka Nairobi, na kwamba wao ndio watakaoamua kama chuo kitapandishwa hadhi au kitafungwa. Jioni ya kuamkia ukaguzi mkuu alikuja kumwomba nyanya azungukie barabarani, siku hiyo moja tu. Nyanya akatikisa kichwa.

"Njia ikilala siku moja," alisema, "nyasi huamka juu yake."

Mkuu aliondoka bila kumaliza uji. Mimi niliogopa. Bila njia ile tungezunguka kilima kizima kwa ajili ya maji, na magoti ya nyanya yalikuwa yameshaanza kugoma.

Asubuhi tukapita. "Bwakire!" Kimya. Wanafunzi walikuwa wameonywa wasiitikie, wakainamisha vichwa, na wageni wenye suti wamesimama kando ya ukuta. Nyanya akaita tena. Kimya. Sasa, kwetu sisi, watu wasioitikia salamu ni watu waliofiwa. Nyanya akatua mtungi, akashika kichwa, akaangua kilio. Wachumaji chai wakamsikia, wakapanda mbio na vikapu mgongoni, wakajaa uani, kila mmoja akilia kwanza, maswali baadaye.

"Nani amekufa?" mkaguzi mkubwa akauliza.

"Bado hatujajua," jirani yetu akamjibu huku akifuta machozi. "Tumesikia tu ni hapa."

Mhadhiri wa Kiswahili ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alitoa kichwa dirishani. "Bwakire, baba! Sisi wazima!" Darasa lote likamfuata.

Nyanya akawatazama mmoja mmoja. "Kama ni wazima, midomo mlikuwa mmemwazima nani?"

Wakaguzi walicheka, wakanywa chai, wakaenda zao. Chuo kilipandishwa hadhi baada ya muda mrefu na kwa sababu zao wenyewe. Sitakudanganya kwamba nyanya alisaidia. Lakini njia haikufungwa, wala hakuombwa tena azungukie kwingine mpaka tulipomzika.

Leo, baada ya kujiandikisha, nilimwacha binti akitafuta chumba chake nikaenda nyuma ya jengo la zamani. Dirisha lipo bado. Njia imefunikwa na nyasi za kupandwa, zile zinazokatwa kwa mashine, na kule chini imezibwa na ukuta wa mawe. Ndani ya darasa vijana walikuwa wameinamia simu.

Nikaita, "Bwakire!"

Kimya. Nikaita tena, kama alivyofanya yeye. Msichana mmoja akatoa kidude cha muziki sikioni.

"Madam, unatafuta ofisi gani?" aliuliza kwa adabu kabisa. "Kama ni ya usajili, iko pale mbele."

Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Nyanya angetua mtungi papo hapo na kuanza kulia. Mimi nilimwambia asante, nikazungukia barabarani.