Maharagwe Ambayo Sikuyaandika

Alhamisi asubuhi binti wa mama mmoja, sajenti mstaafu wa polisi, alinipigia simu kuniambia kwamba mama yake amefariki. Wasomaji wa siku nyingi mlishakutana na mama huyo katika safu hii. Sikumtaja jina, lakini sikumtendea haki nilivyomweleza, na leo sina budi kueleza upya.

Alikuwa mtu wa kaskazini. Alipostaafu alipanga nyumba Kisugu, na kila Jumapili alasiri alifundisha poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, barazani kwake. Wanafunzi wake walikuwa wajane na wastaafu sita au saba, watu ambao vinginevyo wangeshinda ndani peke yao. Pesa hazikuwekwa mezani. Dau lilikuwa maharagwe, na mchezo ukiisha yote yalirudi koponi. Nami nilikwenda kujifunza. Alinigawia karata mbili za siri, akaniambia kwamba tano za katikati ni za wote, kisha akanieleza kwa Kiswahili chake cha kambini: anayeziamini karata zake huongeza dau, asiyeziamini hukunja, yaani huziweka chini na kungoja mgawo mwingine, na yuko anayeongeza hali hana kitu, kuwatisha wenzake tu. Nilikuwa na jozi ya saba. Akaongeza, nikamfuata, akaongeza tena, nikamfuata mpaka maharagwe yangu yakaisha. Yeye alikuwa na malkia watatu, ambao huishinda jozi yoyote.

"Sasa wewe, mbona hukukunja?"

"Niliona aibu, afande. Wote walikuwa wananitazama."

"Aibu ya nini? Karata mbaya si dhambi. Weka chini, ngoja ingine."

Baraza zima likacheka. Nilicheka nao, lakini niliondoka nimeudhika, na wiki ile sikuwa na jambo jingine la kuandika. Basi nikaandika kwamba watu waliokula kiapo kulinda sheria sasa wanacheza kamari Kisugu mchana kweupe. Makala yalisifiwa sana. Mwenyekiti wa kijiji akafika pale na gazeti mkononi, akasema lisemwalo lipo, akaamuru mchezo ukome. Mmoja wa wale wazee, mjane aliyekuwa akitembea na mkongojo hadi pale kila Jumapili, hakuonekana tena nje ya nyumba yake.

Miezi kadhaa baadaye nilikutana na sajenti huyo mtaani Kibuli, akishuka kwenye bodaboda. Nilitaka kuvuka barabara. Akaniita.

"Mwandishi, ile gazeti nilisoma. Uliandika mzuri. Lakini maharagwe, mbona hukuandika?"

"Nitarekebisha, afande."

"Sawa. Mimi nangoja."

Alingoja miaka miwili. Mhariri wangu angenipa mistari mitatu siku yoyote ambayo ningeomba. Sikuomba, kwa kuwa nilihofia wasomaji wangejiuliza ni mangapi mengine niliyoyapamba. Kwenye matanga binti yake alinisimamisha niseme neno, kwa kuwa ndimi mwandishi. Nilisema marehemu alikuwa mtu mwema, nikaketi.

Basi nasema sasa: hakuwa mcheza kamari, nami nilijua hivyo nilipoandika. Sisi tunaoishi kwa kalamu hujisifu kwamba ukweli hauchelewi. Huchelewa. Nimeupeleka gazetini leo, na yule aliyeungoja hawezi tena kuusoma.