Nitalala Kwangu

Eda yangu ilipokwisha, kaka yangu alikuja kijijini kwangu, Kiwangwa, na mama kunichukua. Nyumbani kwake, Bagamoyo mjini, chumba cha uani kilishapakwa rangi, na wifi yangu alishatundika pazia. Mimi hakuna aliyeniuliza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Fungasha, jua lisitukute njiani."

Nikamwambia siendi. Nyumba ile tuliijenga mimi na marehemu mume wangu, na shamba la mananasi nitalilima mwenyewe.

Mama akashika kichwa. "Mwanamke peke yako huku porini! Watu watasema tumekutupa."

"Watanisema mimi, mama."

"Wewe una ndugu," kaka akadakia. "Ukisemwa wewe, tumesemwa sote."

Hapo alinipata, maana ni kweli. Mume wangu walimzika wao. Kipindi chote cha eda walinilisha wao. Lakini nilijua pia kwamba nikishaingia kwenye kile chumba, sitatoka mpaka nitafutiwe mume mwingine, na huyo mume nitaletewa kama nilivyoletewa pazia.

"Msiba ukitokea nitakuja, nitalala matanga. Harusi nitakuja. Mama akiugua nitamuuguza. Yakishakwisha hayo, nitalala kwangu."

Kaka aliondoka bila kugusa chai.

Haikuchukua muda shangazi yetu akafariki. Nilipata habari alfajiri, nikapanda bodaboda hadi mjini. Nilipoingia uani kwa shangazi, wanawake waliokuwa jikoni walinyamaza ghafla. Nikajua walikuwa wakinizungumzia. Nilitamani kugeuka. Badala yake nikakunja mikono ya baibui, nikavuta sinia la mchele, nikaanza kuchambua. Wifi alikaa karibu yangu, akawa ananimiminia mchele mwingine bila kunitazama.

Baada ya khitma, mama alisema kwa sauti, wote wasikie: "Basi sasa hurudi tena huko."

"Narudi kesho, mama."

Mama akanitazama, kisha akamgeukia wifi. "Asubuhi mfungie mwenzio wali wa njiani."

Kaka mpaka leo hajakanyaga kwangu. Tukikutana kwenye shughuli ananiitikia salamu, basi. Inaniuma. Mama huja mananasi yakiiva. Analalamikia giza, analalamikia mbu na vumbi la barabara, na hukaa wiki nzima. Mwaka huu nimeongeza shamba upande wa bondeni.