Nilivyompikia jirani yangu Muitaliano ugali wa kwao

Wakuu, na wewe rafiki ambaye huwa unaniombea humu, salaam. Haya nayasema mbele za Mungu, sijaongeza chumvi.

Naishi apartment hapa Saint Louis Park, Minnesota. Mlango wa pili anakaa mzee Aldo, Muitaliano. Nilivyokuwa nasoma evening class, snow hadi magotini, yeye na mkewe ndio walikuwa wanani-drop.

Winter moja mkewe akafariki. Mzee akaacha kula. Napeleka pilau, kesho yake naikuta haijaguswa. Suruali inamvuka.

Nikasema huyu hafi njaa mlango wa pili na mimi nipo.

Nikamuuliza marehemu mkewe alikuwa anampikia nini. Polenta. Kumbe ni ugali wa mahindi ya njano! Mimi mtu wa Iringa, nikacheka moyoni.

Nikanunua unga, nikaenda jikoni kwake. Maji yakachemka, nikasonga haraka haraka, nikaepua. Akaonja, akaweka kijiko chini. Unga wao ni wa chenga jamani, ugali ulikuwa mbichi.

Binti yangu Neema akaniambia, "Mom, just leave him alone."

Nikamwambia beba sufuria, tunarudi.

Safari hii nilimimina unga kidogo kidogo, moto mdogo, nikakoroga karibu saa nzima. Mkono unaniuma, naimba pambio. Mzee kila akiinuka namrudisha kwenye kiti. Si mnajua kwetu mfiwa haingii jikoni.

Ukaiva kweli kweli. Nikatia butter na cheese, nikaupindua kwenye ubao, nikashika kisu.

"Hapana," mzee akasema. "Hiyo ni kazi yangu."

Akafungua droo, akatoa uzi wa kushonea. Miaka yote mkewe anakoroga, yeye anakata kwa uzi. Vipande vimenyooka. Akampa Neema, akanipa mimi, chake akaweka mwisho.

"Haya mama, tuombee," mzee akaniambia.

Nikaomba kwa Kiswahili, akaitika amina. Akala. Halafu akakata kingine.

Nilichojifunza: muda wote nilikuwa nampa chakula huku namnyang'anya kazi yake. Mfiwa mpikie, ila muachie na yeye kitu cha kufanya mezani.

Nyie wenzangu mlio ugenini, mnawafanyiaje wafiwa? Niambieni. Na kama unamjua mtu ana jirani aliyeacha kula, tafadhali mfikishie haya, asome leo.