Nani Alitoa Moteri ya Baba?

Jumapili moja ya mwezi wa nane, natoka kanisani na vazi la kwaya bado mwilini, nakuta motoka niliyouza wiki tatu nyuma imesimama katikati ya mlango wa uwanja wa kanisa.

Kapo, kile kifuniko cha mbele, iko wazi. Hakuna anayeweza kutoka bila kupita ubavuni mwake.

Aliyeinunua, Florent, amesimama mbele yake mikono kiunoni.

“Mama Clémentine, kuya hapa. Kuya usome hii numero. Soma kwa nguvu, bantu bote basikie.”

Nilidhani ni mzaha. Nikainama. Chini ya mafuta na vumbi jekundu kulikuwa na namba zilizochongwa kwenye chuma cha moteri, injini yenyewe. Nikasoma.

Akanipa carte rose, ile karatasi inayotambulisha motoka. Nikasoma na hiyo.

Namba ya karatasi ilikuwa inaishia na 4417. Ya kwenye chuma ilikuwa kitu kingine kabisa.

“Sasa ambia bantu ya Mungu,” Florent akasema. “Moteri ya hii motoka iko wapi?”

Mama yangu! Kwaya nzima ilikuwa nyuma yangu. Nikasikia mtu ananong’ona: “Njo maana alikuwa na haraka ya kuuzisha.”

Ngoja niwaeleze vizuri, maana watu wa Kamina wameshasimulia habari hii vibaya.

Mimi ni sekretere katika ofisi moja ya mkoa. Motoka ilikuwa ya marehemu baba yetu, Zébédée, aliyekuwa karani wa reli. Alipofariki, miaka mitatu iliyopita, alituachia sisi wawili: mimi na kaka yangu mkubwa, Yaya Kaumba. Ilikaa uani ikipigwa jua, kwa hiyo tukakubaliana kuiuza.

Florent anakata tiketi kwenye gari moshi. Mtu mtaratibu. Alikuja, akaizunguka, akaiendesha hadi sokoni na kurudi, akaridhika.

Kisha akauliza: “Luena itafika?”

Nikacheka. “Luena? Hii itakupeleka mpaka Lubumbashi na itarudia bila kukohoa.”

Yaya Kaumba alikuwa pembeni. Akasema polepole: “Iko muzuri mu mji. Paka mu mji.”

Mjini tu, maana yake. Nikamkanyaga mguu.

Mkataba niliuandika mwenyewe kwa mashine ya ofisi. Namba ya moteri niliinakili kutoka kwenye karatasi. Kapo sikuifungua hata siku moja. Ningetafuta nini mle ndani?

Wiki ya tatu Florent alinipigia simu mara tatu. Sikupokea. Nilijua tu anataka nimpunguzie bei iliyokwisha kulipwa. Wanunuzi ndivyo walivyo, nikajiambia.

Kumbe siku hiyo alikuwa amekwama porini.

Alikuwa anampeleka mama yake Luena, akamzike dada yake. Katikati ya njia moteri ikatoa moshi, ikalia, ikafa. Walikaa pale tangu asubuhi mpaka lori moja likawahurumia, likawavuta. Walipofika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa.

Fundi wa Luena alipofungua kapo, alimwambia Florent: hii moteri haikuzaliwa na hii motoka. Ikarudi Kamina ikivutwa.

“Mama yangu hakumuona ndugu yake,” Florent aliniambia pale mbele ya kanisa, na sauti yake ikashuka. “Weye unasema ‘bila kukohoa.’ Nani alitoa moteri?”

“Uliza nafsi yako!” nikamjibu. “Motoka umekaa nayo wiki tatu. Nani anajua uliipeleka wapi? Pengine weye njo ulitoa ile ya muzuri, ukaweka ya kuoza, sasa unataka turudishe franga!”

Nikaona baadhi ya wamama wanatikisa vichwa kunikubali. Nikapata nguvu. Nikasema mengi ambayo sitayaandika hapa.

Florent hakunitukana. Alifunga kapo. Akaniuliza neno moja tu.

“Mbele ya kunipatia motoka, ilikuwa kwa nani?”

Nikarudi nyumbani na swali hilo. Kula nikashindwa.

Kwa sababu nilikumbuka. Wiki ya mwisho kabla ya kuuza, Yaya Kaumba aliichukua. Alisema anaipeleka kwa Baba Bokungu, fundi wa zamani kwenye njia ya kwenda Base, kambi ya jeshi, atengeneze breki.

Ikakaa huko siku nne.

Siku nne za breki?

Na mwezi uleule Yaya alianza kuendesha pikipiki mpya, anabeba abiria. Nyekundu, bado ina plastiki kwenye kiti. Niliwahi kumuuliza ameipata wapi. Alisema: “Mungu anasaidia.”

Kuanzia hapo kila alichofanya nilikiona kwa jicho lingine. Akipokea simu, anatoka nje. Nikitaja jina la Florent, anatafuta kofia yake. Siku moja nilimkuta anaongea na Baba Bokungu kando ya barabara. Waliponiona, wakaachana kama watu wasiofahamiana.

Moyo wangu ukasema: mwizi ni wa tumbo moja na wewe.

Nilimwendea nyumbani kwake mchana kweupe, mbele ya baba mdogo wetu, niwe na shahidi.

“Yaya, siku ine motoka ilikuwa kwa Bokungu. Mulifanya nini?”

“Breki.”

“Na moteri?”

Akaniangalia muda mrefu. Akataka kusema kitu, akamtazama baba mdogo. Halafu akasema:

“Fikiri vile unapenda, Clémentine.”

Basi! Mtu asiye na kosa anasema hivyo?

Kesho yake nilibaki ofisini saa ya chakula nikaandika barua ya mashitaka. Ukurasa mzima. Niliandika jina lake kamili, nikaandika la Bokungu, nikaandika “wizi”, nikaandika “njama”, nikaandika “kwa tabia yake ya siku nyingi ya uvivu na hila”. Nikatia sahihi. Nakala moja nikampa baba mdogo, asomee ukoo. Nyingine nikampelekea Florent stesheni.

Florent aliisoma akiwa amesimama. “Huyu haiko yaya yako?”

“Njo yeye.”

Akaikunja polepole. “Siku ya ine nitaipeleka kwa polisi.”

Ilikuwa Jumanne; siku ya ine ni Alhamisi. Nikaona nina siku mbili za kumfanya Bokungu akiri mwenyewe. Fundi akikiri, nilijiambia, hakuna atakayesema nimemsingizia ndugu yangu.

Jumatano asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikapanda pikipiki mpaka garaje yake.

Baba Bokungu ni mzee mfupi, vidole vyake vimeingiwa na mafuta, havitatakata tena. Nilimkuta ameketi juu ya gurudumu, anakunywa chai. Hakushtuka kuniona.

“Mutoto ya Zébédée,” akasema. “Nimesikia unaandika muzuri sasa.”

“Baba Bokungu, kesho polisi watakuya. Afazali useme leo. Moteri ya baba muliuzisha kwa nani, weye na Kaumba?”

Akaweka kikombe chini.

“Weye ulimaliza masomo Lubumbashi mwaka gani?”

“Hiyo inahusu nini?”

“Jibu.”

Nikamtajia mwaka.

“Na mwaka wako wa pili kule, nani alilipa?”

Hilo lilikuwa rahisi. Mwaka wa pili nilikuwa karibu nirudishwe nyumbani, baba hakuwa amelipwa mshahara miezi mingi. Kisha akanipigia simu: kanisa limekupa bourse ya kulipia masomo, binti yangu, kaa usome. Niliporudi na diplomu nilisimama mbele ya waumini wote nikalishukuru kanisa. Baba aliinamisha kichwa. Nilidhani anasali.

“Kanisa ililipa,” nikasema.

Mzee akainuka. “Kuya.”

Tukavuka barabara, tukapita nyuma ya nyumba mbili, tukafika kwenye kibanda cha mabati chenye kelele nyingi. Mashine ya kusagia. Wamama wamepanga mabeseni yao ya mahindi, vumbi jeupe limewaganda mpaka kwenye kope.

Bokungu akampa ishara mwenye mashine. Moteri ikazimwa. Ukimya ukaingia ghafla, masikio yakaniuma.

Mzee akachukua kitambaa, akapangusa unga kwenye ubavu wa chuma.

“Soma. Weye unajua kusoma.”

Nikapiga goti moja. Namba ile nilikuwa nimeshaipiga kwenye mashine mara mbili, ya mkataba na ya mashitaka. Niliijua kwa moyo.

Mwisho wake ilikuwa 4417.

“Bourse yako njo hii,” Baba Bokungu akasema. “Iko inasaga mahindi miaka kumi sasa.”

Nikaipangusa namba kwa kiganja, nikaisoma tena. Mama mmoja akaniuliza kama naumwa.

Akanieleza palepale, kati ya mabeseni. Baba alikuja kwake na motoka, akaomba atoe moteri ile nzima na kuweka nyingine ya kuchoka, ya bei rahisi, itakayotosha kuzunguka mjini. Karatasi hazikubadilishwa, kwa sababu baba hakutaka mtu yeyote ajue karani wa reli amefikia pale.

“Lakini baba yako hakuitumikisha ile motoka peke yake,” mzee akasema. “Nani alikuwa anaiendesha taxi, Kamina na Luena, kila juma?”

Yaya Kaumba.

“Baba yako alimulomba ruhusa, vile unalomba muntu mukubwa. Kaumba akasema: toa. Akanisaidia kuifungua na mikono yake. Toka ile siku hakuenda tena Luena, kazi ikafa. Zébédée akatuapisha sisi wawili: Clémentine asijue, atasoma na roho ya muzigo.”

“Na zile siku nne?”

“Alikuya kunilomba nirekebishe ile ya kuchoka, juu Florent asipate taabu. Alilipa na mufuko yake. Nilifanya kile niliweza. Ile pikipiki nyekundu haiko yake. Iko ya mwalimu mumoya, anamupelekea franga kila jioni.”

“Juu ya nini hakuniambia?”

“Alikuambia. Alisema paka mu mji. Ulimukanyaga.”

Nilikimbia. Nilivivua vile viatu vya ofisi nikakimbia miguu mitupu mpaka nikapata pikipiki.

Stesheni, Florent alikuwa dirishani. Watu walikuwa kwenye mstari. Nikasema mbele yao wote, kwa sababu yeye nilimtukana mbele ya watu wote: “Papa Florent, ulikuwa na haki. Moteri haikuwa ya ile motoka. Weye hukutoa kitu. Yaya yangu hakuiba kitu. Nilikupa ahadi ya kitu sikukijua.”

Nikamweleza. Alinisikiliza na tiketi ya mtu mkononi.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa barua, akanipa.

“Baba yako ningemusamehe,” akasema. “Weye, ungepokea simu tu.”

Jioni ile ile, jua bado halijatua, nilifika kwa Yaya Kaumba. Alikuwa uani anaosha pikipiki ya mwalimu. Hakunyanyua kichwa. Ukoo ulikuwa umeshasoma nakala ya baba mdogo, wifi yangu, mke wake, alinipita bila salamu.

“Yaya, nimetoka kwa mashine ya kusaga.”

Mkono wake ukasimama kwenye gurudumu.

Nikapiga magoti kwenye matope ya sabuni. Nikaanza kulia, nikaanza kusema baba, nikaanza kusema msamaha, nikachanganya vyote.

“Barua iko wapi?” akauliza.

Nikaitoa.

“Soma.”

“Yaya, nitaichana.”

“Bote balisoma. Mwenyewe sijasikia. Soma.”

Nikasoma. Nilisoma “wizi”. Nilisoma “njama”. Nilisoma “uvivu na hila”, na hapo sauti ikanikatika, akangoja mpaka irudi. Nikasoma mpaka tarehe, mpaka sahihi yangu.

Akakamua kitambaa.

“Unaandika muzuri,” akasema. “Franga ya moteri haikupotea bure.”

Halafu akaniambia niinuke, nitalowa.

Hakusema amenisamehe. Alinipa upande mmoja wa kitambaa na tukamaliza kuosha pamoja.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikasema yote, na bourse nikaitaja kwa jina lake: moteri ya baba. Baba Bokungu alipata moteri nyingine, ikaja kwa treni. Mimi na Yaya tuliichangia, na safari hii karatasi zilibadilishwa. Florent anaendesha mpaka Luena. Mama yake bado hanisalimu, na sijamlaumu.

Wewe unayesoma hapa, kama una motoka ya kuuza, sema unachojua, na usichojua sema hujui. Simu ikilia, pokea. Na siku moyo wako ukikuambia ndugu yako ni mwizi, kabla ya kuandika jina lake popote muulize, na ukishauliza kaa chini umsubiri, hata kama atachukua muda kujibu. Mimi wangu alishaniambia tangu siku ya kwanza, nikamkanyaga mguu.