Moshi wa Pipa la Mawese

Eti, kwenu mtoto akikohoa mnamweka wapi? Sema tu, usione haya. Maana sisi huku Ujiji, kwenye ukoo wetu, tangu bibi yake bibi, mtoto wa kikohozi anakalishwa karibu na pipa la mawese. Unachota mafuta ya vuguvugu, unamsugua kifuani na mgongoni, unamfunika khanga, unamwambia tulia hapo upate joto. Mimi nilikalishwa hivyo. Wanangu saba niliwakalisha hivyo.

Basi na mjukuu wangu naye. Huyu ni wa binti yangu aliyeolewa Kalinzi, kule milimani. Mama yake alimleta kwangu akiwa mdogo, babu yake alipofariki, ili nisikae peke yangu. Nikawa namwita mke mwenzangu, si unajua utani wetu. Naye ananijibu kwamba babu alimpenda yeye, mimi alinioa kwa ajili ya mawese tu. Mdomo anao huyo.

Kazi yangu ndiyo hiyo, mawese. Banda liko nyuma ya nyumba, hapa Buzebazeba. Unachemsha mbegu za mchikichi kwenye pipa kutwa nzima, unakamua kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, halafu yale mafuta unayachemsha tena. Kuni zimekuwa shida, mtu anazifuata mpaka huko Kidahwe, kwa hiyo tunachomea makapi ya mbegu zenyewe, hata kama hayajakauka. Yakigoma, unatia kipande cha tairi bovu. Moto unashika vizuri kabisa. Moshi wake mweusi, mzito, unapita chini chini mpaka kwa jirani, na wa jirani unakuja kwako. Tulikuwa tunajivunia bwana. Banda likining'inia masizi darini, watu wanajua humu kuna mwanamke wa kazi. Mama mkwe wangu alinikataza kabisa kuyafagia.

Mtoto alipofika darasa la sita kikohozi kikamkalia. Nikamsogeza kwenye pipa. Akazidi. Nikamsogeza tena. Unaiona akili hiyo? Kifua kinalia kama filimbi, mimi naongeza makapi apate joto. Na yeye hakubisha hata siku moja. Alikaa pale machozi yanamtoka, mimi nikidhani anadeka.

Asubuhi moja akashindwa kumaliza neno. Nikamtazama midomo, imebadilika rangi. Tukapanda bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Zahanati tukamkuta muuguzi, binti wa mkoa mwingine, hana maneno mengi. Akampa dawa ya kuvuta, akasubiri pumzi irudi, kisha akalinusa gauni la mtoto. Akaniuliza anashinda wapi. Nikamweleza kwa raha zote habari za pipa na mafuta ya vuguvugu, nikitegemea anisifu. Akaniacha nimalize. Halafu akasema taratibu kwamba mtoto ana pumu, na moshi ule ndio unaomziba.

Nilicheka, unajua? Nilidhani ananitania. Nilicheka peke yangu.

Tuliporudi nyumbani tukakaa barazani, mbali na banda, na mke mwenzangu akanifundisha aliyofundishwa na mwalimu wao. Anasema masizi yakiwa hewani yananyonya jua, kama sufuria jeusi ukiliacha nje mchana, na ndiyo yanaiongezea dunia joto. Lakini hayakai sana huko juu, siku chache, wiki, yanadondoka. Ukiacha kuyatoa, hewa inapata nafuu mapema. Kuna moshi mwingine usioonekana, wa magari na viwanda na misitu inayochomwa, huo unakaa angani vizazi na vizazi. Mimi nasikiliza, nawaza ziwa letu. Nawaza zile mvua zilizopitiliza, maji yakapanda yakaifuata michikichi ya baba yangu pale ufukweni, ikafa imesimama majini. Na wavuvi nao wanalalamika maji ya juu yamekuwa ya moto, dagaa hawaonekani kama zamani. Nikamuuliza, kwa hiyo ni pipa langu?

Alicheka mpaka kikohozi kikamrudia. "Bibi, wewe mdogo sana kuiharibu dunia. Wakubwa wa kazi hiyo wako mbali. Lakini moshi wako ndio ninaouvuta mimi."

Nimetukanwa sana sokoni maisha yangu, na hilo halikuwa tusi. Lakini limenikaa hapa.

Mama yake akaja kumchukua. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alizifua nguo zote za mtoto kabla ya kuondoka, na shati la shule lilitoa maji meusi mara tatu. Nilikuwa nimesimama pale pale, nayaona.

Sasa naamka nasema bwakeye, salamu yetu ya asubuhi, hakuna wa kuitikia. Pipa nawasha bado, nitakula nini? Ila tairi nimelitupa, na makapi nayaanika mpaka yakauke. Jirani wa kushoto anawasha vile vile, wa kulia vile vile. Nikiwaambia, wanasema bibi kazeeka, kalishwa maneno na mtoto. Na ujanja wa tairi niliwafundisha mimi.

Juzi mjukuu wangu alinipigia kwa simu ya mama yake. Nikamtania, je, huko milimani umeshapata mume mwingine? Akasema pumzi yake ni nzuri, anapanda mlima hasimami. Nikafurahi, halafu nikalia, maana nilielewa: aliko ndiko anakopona. Nikamwambia asirudi tena kwangu. Naye akanijibu:

"Bibi, tukifunga shule nakuja na mama. Tutajenga jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Kwako kwanza, halafu kwa jirani huyu, halafu kwa yule. Nikimaliza ya wote watatu, narudi kukaa na wewe."