Mtawa wa Dhoruba Chini ya Godoro

Mavyaa wangu alianza kunishuku siku alipokataa wali wangu. Hakunigombeza. Aliisogeza sahani, akasema amefunga, nami asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemwona akitafuna mahamri.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Likoni, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, nasi tukikaa nyumbani kwa mama yake mume wangu. Tangu siku ile akawa anampakulia mwanawe kwa mkono wake na kuinusa chai niliyoipika. Mimi nami sikuzaliwa jana, nikamshuku yeye: nilidhani anatafuta sababu ya kumwozesha mwanawe binti wa nduguye. Tukawa wanawake wawili jikoni, kila mmoja akimchunga mwenzake mikono.

Kumbe alikuwa ameiona karatasi.

Mume wangu alikuwa mpakizi wa mizigo uwanja wa ndege. Mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kitabu cha mchezo: mmoja anasimulia safari, mwenzake anachagua mtu wa kuwa, na dadu zinaamua nani kapigwa. Tulicheza Jumamosi mchana, mavyaa akiwa kisomoni. Mimi nilikuwa mtawa, mpiganaji wa mikono mitupu. Kitabu kilikuwa na watawa wa kila namna ila niliyemtaka, basi tukamtunga wenyewe: mtawa wa dhoruba. Ngumi yake ilipiga radi. Akipanda daraja, alitembea juu ya upepo. Akifika juu kabisa, umeme ulimtoka viganjani ukaruka kutoka adui mmoja hadi mwingine. Ila kila umeme ulimla pumzi, na pumzi zikimwisha alianguka. Nilimpenda mno. Katika nyumba ile nilisema kwa kunong'ona, yeye akinguruma kwa niaba yangu.

Karatasi yake aliiandika mume wangu. Alichora visanduku, akatia nambari za nguvu na pumzi zake ndani ya kila kimoja, kwa wino mwekundu, maana kalamu nyingine ilikuwa imekwisha. Mimi nikamchora mtawa pembeni, hana uso, umeme ukimtoka mikononi. Kisha nikaikunja ikawa ndogo, nikaificha chini ya godoro, upande anaolala mume wangu. Mliozaliwa pwani mshanicheka. Hirizi ya kumfunga mume haina sura nyingine.

Siku moja mavyaa alituita baada ya sala ya alasiri. Karatasi ilikuwa mkekani, ameifunika kwa kawa la chakula asije akaigusa tena. Akalifunua.

"Mwanangu, waijua hini?"

Mume wangu akainama kuitazama, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Sina ugomvi na mtu," mavyaa akasema. "Lakini ikiwa ni yake mkeo, na arudi kwao leo. Sikuzaa mtoto nikamlea ili aje afungwe kama mbuzi."

Kwa mavyaa dadu ni kamari, na kamari ni haramu; nilijua mume wangu anaona haya. Lakini mwandiko ulikuwa wake. Nilimngoja aseme maneno mawili tu, kwamba ni yetu.

"Siijui, mama," akasema.

Hasira iliyonipanda, wallahi, sijaipata tena maishani. "Mama, kaiandika yeye!"

Mavyaa akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi. "Na kumsingizia pia, mwanangu?"

Jua halijatua nilikuwa kwetu Changamwe na sanduku langu.

Wiki ya tatu mume wangu akaja, mkononi ana halua. Baba alimkaribisha sebuleni, akatupisha. Mume wangu akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini kwamba mamake ametulia. Karatasi mamake aliirowesha mwenyewe kwenye maji ya chumvi, akaenda kuitupa baharini. Naweza kurudi. Na yeye keshaniandikia mtawa mwingine, kwa wino wa buluu, kamweka mahali pazuri zaidi.

"Na kesho ukiulizwa kama wanijua mimi," nikamwambia, "utasemaje?"

Kabla hajanijibu, aligeuka kuangalia mlangoni kama kuna anayetusikia.