Asali Kwenye Kabureta

Enzi za Mwingereza nyoka aliniuma kule Igalula, mguu ukavimba mpaka ikawa kama mimi ndiye niliyeota kwenye mguu. Nikapandishwa lori niwahi hospitali Tabora. Lori gani lile! Dereva akikanyaga mafuta linasita, mara linaruka kama mbuzi, mara linazubaa tena.

"Uzito huu," tajiri mwenye lori akasema. "Mwenye mguu ashuke. Tena ananuka."

Nikabwagwa porini kama gunia. Abiria wakacheka, nami nikacheka, nifanyeje?

Lori halikufika mbali, likazimika. Dereva akafungua kabureta, akachovya kidole, akalamba.

"Tajiri, asali hii! Petroli umeitia kwenye debe la asali bila kuliosha."

Wakasafisha, likanguruma kama simba kumi. Nikapiga kelele, "Tajiri, kumbe si mimi, ni debe! Nipakieni!"

"Ulishashuka, bwana. Debe halinuki."

Likaondoka bila kusita hata kidogo. Mimi nilifika kesho yake jioni, nimefungwa kwenye baiskeli ya mkulima mmoja. Daktari aliutazama mguu mara moja tu, akaagiza msumeno.